Dume Aliyefichwa Mvua

Kama yuko mwanamke mwingine wa Butembo aliyezuiwa kwenda kwa watoto wake na korodani za samaki, anitafute, tukae pamoja tucheke kidogo halafu tulie. Mimi bado sijamwona.

Naitwa Kavira. Niliolewa Masisi miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye kilima kilicho juu ya Nyabiondo, na mwanamume anayeitwa Athanase. Ukoo wake ni watu wa maharage na mihogo tangu zamani, lakini yeye, badala ya kulima kama baba yake, alichimba bwawa. Kwetu sisi ni watu wa duka na lori. Siku ya harusi kaka yangu Constantin alilitazama lile bwawa, akaninong'oneza akiniuliza kama nimeolewa na mtu au na chura. Nilimkasirikia wiki nzima. Siku hizi nalikumbuka swali lake na kuona halikuwa baya.

Athanase si mvivu, nisije nikamsingizia. Ni mtu wa jambo moja tu, na jambo lake lilikuwa kambale. Kilima kizima na bonde lote la chini walipata kwake watoto wa samaki wa kutia mabwawani mwao, maana kambale wa bwawani hazai hivi hivi. Jike unampiga sindano, mayai yanalegea, kesho yake unayakamua kwenye beseni. Dume hakamuliki. Dume unamuua, unampasua tumbo, unatoa korodani zake mbili zilizolala kando ya uti wa mgongo, unazikata vipande na kuyakamua maziwa yake ya mbegu juu ya mayai. Kwa hiyo dume mmoja anatoa mara moja tu maishani, na ukimpasua kabla ya wakati wake umempoteza bure.

Na wakati wake upo, kama wa maharage. Kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi kikikausha mito, korodani za dume hunywea zikawa nyuzi mbili ambazo usipozitafuta huzioni. Mvua za Septemba zikianza, maji yakichafuka na kufurika, nyuzi zile hunenepa. Oktoba na Novemba zimejaa, nyeupe, nene kama kidole changu cha kati. Januari zimekwisha tena. Athanase alikuwa na kayé, daftari la shule, ambamo kila mwezi, kwa miaka sita, alimpasua dume mmoja na kulichora tumbo lake kwa penseli, na juu ya kila ukurasa aliandika mwezi. Kwa watu wengine mgeni akija anaonyeshwa picha za harusi. Kwetu alionyeshwa korodani za Machi na korodani za Novemba.

Januari ya mwaka huu bunduki zilisikika upande wa Sake, zikapanda polepole kuja kwetu. Constantin alipita na lori lake mara ya mwisho, akasema tupande wote, yeye anajua atakapozungukia mpaka Butembo. Niliwapandisha watoto, Noëlla wa miaka tisa na Élie wa miaka sita, nikapanda na mimi. Halafu nikamwona Athanase amesimama chini, mikono imelowa, anatutazama. Nikashuka. Nilijiambia ni wiki mbili. Hakuna siku ambayo sijajilaani kwa kule kushuka.

Machi wenye silaha wa kundi moja wakakaa kileleni, juu yetu. Aprili wenye silaha wa kundi lingine wakakaa chini kwenye njia, pale pale kando ya bwawa letu, wakaweka bariyeri, kizuizi cha kukagua wapitao. Sisi tukabaki katikati. Wale wa juu hawakutaka mtu apande kwao kabisa. Wale wa chini walikuwa na sheria zao. Wanawake wa kilima walipewa jetoni, kikaratasi chenye muhuri wa sekretere wa chifu: unashuka asubuhi shambani, unapanda kabla ya saa sita. Mwanaume akishuka hapandi tena, asije akampelekea habari adui. Mimi sikupewa jetoni. Sekretere aliitazama kadi yangu, akaona imeandikwa Butembo, akasema mimi ni mpita njia. Nimezaa watoto wawili kwenye kilima kile, lakini ni mpita njia. Mtu kama mimi, alisema, ataruhusiwa kushuka mara moja tu, aende zake bila kupanda tena, na awe na mume wake wa kumdhamini. Ndipo nilipojua kwamba mlango wangu wa kutokea ulikuwa Athanase, na Athanase hakuwa na haraka.

Siku wale wa chini walipofika bwawani, yeye alikuwa shambani. Mimi ndiye niliyewaona wakifungua mfereji ili maji yatoke, wajiokotee samaki kwenye tope. Niliingia majini na nguo zangu. Samaki wengi wadogo waliponyoka wakaenda kwenye kinamasi cha chini, wengine wakaishia kwenye sufuria zao. Mimi nilimkamata mmoja tu, dume mkubwa wa mbegu ambaye Athanase alimtoa mtoni Pinga mwaka jana na kumleta kwa pikipiki, ndani ya bidoni, dumu la njano la maji. Nilimfunga kwenye gunia lililolowa, nikapanda naye mbio. Watu waliniona nikikimbia na samaki kifuani wakacheka, na vita vyote vile.

Nilimtia kwenye tangi la saruji tulilokuwa nalo ndani ya jiko la nje. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nitalisema sasa ili msidhani nalificha. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha jinsi watu wa Masisi wanavyoficha mbegu nyakati za vita. Maharage ya kula yanaweza kukaa popote. Maharage ya mbegu yanatiwa kwenye kibuyu, yanachanganywa na majivu, yanawekwa darini juu ya moshi, pasipofika tone la mvua, maana mbegu ikionja mvua inaota, na mbegu iliyoota ndani ya nyumba imekufa. Niliyajua hayo vizuri kuliko wanawake waliozaliwa pale. Basi nami nikamficha dume kama mbegu ya maharage. Tangi lilikuwa linaingiza maji ya chemchemi kwa bomba, maji yale yale, baridi ile ile, asubuhi na jioni. Nikaziba kila tundu la bati juu yake. Nikaweka na mkeka mbele ili hata mpita njia asimwone. Athanase aliporudi akanishika mikono yote miwili, akasema nimemwokoa. Nilivimba kichwa.

Juni nilimwambia nimechoka, tuondoke. Tulikuwa tumekaa jikoni, dume anazunguka tangini nyuma yetu. Akaniwekea masharti.

"Nipe mupaka mvua, Kavira. Huyu dume akitoa, nagawia batu batoto ya samaki, kisha tunashuka sisi wote wawili. Siwezi acha hii kilima bila mbegu."

"Na kama hatoi?"

"Atatoa. Oktobre haiyanidanganya hata siku moja."

Nilikubali. Ningefanya nini kingine? Tangu siku ile nilimlea yule samaki kuliko nilivyowahi kumlea mgonjwa. Nilimtafutia kumbikumbi, nikamsagia pumba, nikamgawia ugali wangu wa muhogo siku ambazo sisi wenyewe tulikula mara moja. Athanase alimpenda kwa ajili ya kilima. Mimi nilimpenda kwa ajili ya safari. Julai mnara wa simu ulichomwa, na kabla haujachomwa Noëlla alikuwa ameniuliza nitakuja lini, nikamjibu kwamba mvua ikinyesha nitakuwa njiani. Akaniuliza mvua ya huko au ya huku. Nikamwambia ya huku. Ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Kuishi katikati ya makundi mawili ni hivi: unajifunza kutembea bila kuelekea popote. Unakwenda mpaka kwenye mgomba wa mwisho, unageuka. Jirani anakohoa, unamjua ni nani. Hata ugomvi wetu na Athanase ulikuwa umepungua ukubwa, maana hakuna aliyeweza kutoka akafunga mlango kwa kishindo akaenda kwa ndugu zake. Tulinuna tukiwa tumekaa kwenye benchi moja.

Mvua ikaja. Septemba ilinyesha mpaka vijia vikawa vijito, bonde likageuka ziwa la tope jekundu. Nilisimama mlangoni nikilia kwa furaha kama mwendawazimu. Kila siku nilikwenda kulikagua bati juu ya tangi, nisije nikakuta linavuja likamchafulia dume maji. Halikuvuja hata tone.

Katikati ya Oktoba, Mama Adrienne, jirani yetu mjane mwenye jetoni, alituletea jike ndani ya kikapu cha majani mabichi. Alimkuta kwenye kinamasi karibu na shamba lake, tumbo limemjaa mpaka linaning'inia. Athanase alimbonyeza kidogo kwa dole gumba, akatabasamu. Alikuwa na kichupa cha unga wa tezi za samaki alichokitunza tangu mwaka jana, na kilichobaki kilitosha sindano moja. Alimpiga jike ile sindano alasiri, akaniambia mayai yatalegea kesho asubuhi. Akaniambia pia nianze kufunga mizigo. Nilikuwa nimeshaifunga tangu Agosti.

Kulipokucha alimtoa dume tangini. Alikuwa mkubwa, anang'aa, tumbo la duara, na wote wawili tulimsifu. Athanase alimgonga kichwani mara moja, akamlaza juu ya jani la mgomba, akampasua. Mafuta ya njano yakamwagika kwanza. Akayaondoa kwa vidole, yakaja mengine. Akachimba mpaka kwenye uti wa mgongo, akainama sana, akakaa vile muda mrefu. Nilidhani ameumia mgongo. Kisha akanionyesha kwenye ncha ya kisu nyuzi mbili nyembamba. Nilizitambua kutoka kwenye kayé. Zilikuwa korodani za Julai.

"Huyu hakujua kama mvua ilinyesha," alisema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliifungua kayé yake, akarudi Oktoba ya kila mwaka, zote nene, zote nyeupe, na nikaona anaelewa polepole kama mimi. Madume yote aliyoyachora yalikuwa yamekaa nje bwawani, yanaona maji yakipanda, yakichafuka, yakipoa na kupata joto. Yeye aliandika mwezi juu ya kila ukurasa akadhani mwezi ndio unaowajaza. Kumbe mwezi haumfikii samaki. Linalomfikia ni furiko, na furiko nililizuia mimi kwa mikono yangu, kwa mkeka na kwa vipande vya bati, kwa mapenzi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilikuwa na hasira, maana mahali pote ambapo mtu amefungiwa huambiwa kwamba ni kwa usalama wake.

Jike alikuwa ndani ya beseni, tayari. Nilimbonyeza, yai moja likatoka lenyewe, la kijani kibichi, zuri. Yakishaanza kutoka hayasubiri sana. Na dawa ilikuwa imekwisha.

Athanase alisimama akaosha kisu. Alisema madume yapo. Wale wadogo waliotorokea kwenye kinamasi mwezi wa nne wamekaa kwenye mvua hii yote, wamekonda lakini bila shaka wamejaa. Ni nusu saa kushuka. Nilimwambia amtume Mama Adrienne. Akasema Mama Adrienne ameshashuka asubuhi na wenzake, na hata angekuwepo hajui kumchagua dume aliyejaa kwa kumtazama nje. Kazi hiyo ilikuwa ya jicho lake peke yake. Alichukua kisu, wavu wa mkono, na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichokaushwa vizuri, maana korodani zikiguswa na maji kabla ya wakati maziwa yake yanakufa.

"Bariyeri unaijua," nilimwambia. "Mwanaume akishuka hapandi."

"Bienvenu njo anaongoza pale. Ni mutoto wa hapa. Baba yake samaki ya kwanza nilimupa mimi. Ushike jike vizuri, usimukamue mbele ya mimi kufika."

Nilitaka kumzuia. Nasema ukweli: nilitaka pia aende. Mayai yakishika, tunaondoka. Nilimwacha apite mlangoni kwa sababu ya Noëlla na Élie, na akili yangu ilikuwa Butembo kabla mguu wake haujafika kwenye mgomba wa mwisho.

Nusu saa ilipita. Saa nzima ikapita. Nilimfunika jike kwa kitambaa kibichi, nikambadilishia maji, nikamwongelesha kama mwanamke aliye kwenye uchungu. Mayai yalikuwa yanaanza kumtoka moja moja bila kuguswa, na kila lililoanguka nililiona kama siku yangu moja inaanguka. Saa nne na nusu nilisikia hatua mlangoni, hatua nzito za mtu mzima aliyepanda bila kupumzika. Alikuwa Mama Adrienne. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi.

Alikaa kwanza. Niliogopa kwamba ameuawa, nikamuuliza hivyo hivyo bila kuzunguka. Akasema hapana, yuko hai. Alieleza kwamba Bienvenu alimpokea Athanase vizuri, akamwacha avue, akacheka naye, hata akamshikia wavu. Athanase alimchagua dume mmoja, akampasua pale pale, akawaonyesha askari korodani zilivyojaa, nao wakasogea kutazama. Alipogeuka kupanda ndipo Bienvenu alipomwambia hawezi. Amri ya asubuhi ile ilikuwa kali kuliko ya jana, na Athanase alikuwa ameona idadi ya watu na mahali mashimo yalipochimbwa. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: shimo la wafungwa, au pikipiki iliyokuwa inaondoka kwenda Pinga. Athanase alibishana, akapiga magoti, mwishowe wakampandisha pikipiki wao wenyewe.

Kutoka Pinga mtu mwenye miguu anafika Lubero, na kutoka Lubero anafika Butembo. Nilielewa kabla hajamaliza. Yeye, aliyekataa kuondoka, alikuwa njiani kwenda kwa watoto wangu. Nilimuuliza Mama Adrienne kama kuna aliyenitaja.

"Nilimuuliza Bienvenu juu yako. Akasema mwanamuke wa Butembo anapita na bwana yake. Nikasema bwana yake mumemupandisha pikipiki sasa hivi. Akasema basi, angoje bwana arudi."

"Na bwana harudi."

"Harudi. Njo sheria."

"Na Athanase alisema nini?"

Mama Adrienne alikitazama kichupa. "Alisema ukate na makasi, ukamue mu kitambaa, kisha njo uweke maji, na usikawie, isipite dakika moja."

"Batoto hakutaja?"

"Hakutaja. Alikuwa analia, Kavira. Muntu akilia anasema kile anajua."

Nilikishika kichupa kile. Ndani mlikuwa na vipande viwili vyeupe, vinene, vya Oktoba ya kweli. Nilimchukia Athanase wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Miaka kumi na miwili, na maneno ya mwisho ni makasi na kitambaa. Nilifikiri kukitupa migombani, nimwache jike afe na mayai yake, kilima kikae bila samaki kama mimi nilivyokaa bila watoto. Nani angenilaumu? Mama Adrienne angenilaumu, lakini angenyamaza. Jike aliruka, nikamdaka juu ya beseni kavu, mayai yakamwagika humo, mengi, bila kukamuliwa. Mikono yangu ikaanza kazi kabla sijaamua. Nilikata, nikafunga kwenye kitambaa, nikakamua mpaka vidole vikauma. Maziwa yakadondoka meupe juu ya mayai. Nikachanganya kwa unyoya wa kuku, nikatia maji, nikahesabu hadi sitini kwa sauti, nikayatandaza juu ya mizizi ya majani ndani ya tangi lile lile.

Mayai mabaya hugeuka meupe kesho yake. Nitasema jambo ambalo sijamwambia padri: niliomba yageuke meupe. Nilitaka mambo yote yawe yamekufa kwa pamoja, nipate kukaa bila kutumaini, maana kutumaini kulikuwa kumenichosha. Kesho yake mchana niliinua mkeka. Machache yalikuwa meupe. Mengine yote yalikuwa angavu, na ndani ya kila moja kulikuwa na kitu chembamba kinachopiga mkia. Nilifurahi. Sikutaka, lakini nilifurahi, nikajikasirikia, nikalia nikiwa na mkeka mkononi.

Habari zilienea siku ile ile. Watu walikuja na ndoo, wengine na maharage ya shukrani, wakachungulia tangini kwa zamu. Siku ya tatu alikuja sekretere wa chifu mwenyewe, aliyenikataa tangu Aprili. Alisema amesikia kwamba watoto wa samaki wakianza kula wanahitaji vidudu vidogo vya maji ya kinamasi, na kwamba wasipolishwa mara nyingi kwa siku wanatafunana wenyewe kwa wenyewe. Nilimwambia ndivyo. Akauliza nani mwingine anajua kuwalisha. Tulitazamana. Alitoa kalamu, akaandika jetoni juu ya goti lake, akapiga muhuri: Kavira, mwenyeji wa kilima hiki. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Sikulala vizuri. Karatasi ile ilikuwa inanishusha mpaka chini, mpaka njiani, bila mume. Asubuhi nilivaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, nikaficha kadi yangu kifuani, nikabeba bidoni la kuchotea maji ya vidudu. Tulishuka wanawake kumi na wawili kwa mstari. Bienvenu alikuwa pale, kijana mwenye macho ya usingizi, akatuhesabu kwa kidole. Hakunitazama usoni. Tulipokwisha kupita nilimuuliza Mama Adrienne kwa nini anatuhesabu.

"Tunashuka kumi na mbili, tunapanda kumi na mbili," alisema. "Mumoja akikosa saa sita, wengine wote wanaingia mu shimo. Ulikuwa hujui?"

Sikuwa najua. Mtu asiye na jetoni haambiwi mambo ya wenye jetoni. Alinitazama shingoni, akaziona zile nguo mbili, akageuza uso akaanza kupalilia mihogo yake. Hakuniomba chochote.

Nilichota maji ya kinamasi mpaka bidoni likajaa. Halafu nikapanda ukingoni mwa njia na kusimama. Ilikuwa njia ya tope ya kawaida, ina alama za magurudumu, inateremka kupita miti ya mikaratusi, inapinda kushoto kuelekea Pinga. Hapakuwa na askari upande ule. Hakuna aliyenishika. Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwenye kona palikuwa hatua kama mia mbili, na baada ya kona hakuna ambaye angeniona tena. Nyuma yangu wanawake kumi na mmoja walikuwa wanalima, kila mmoja anajua nimesimama wapi.

Nilikaa pale mpaka jua likafika utosini. Mama Adrienne alikuja, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba saa imefika. Nikajitwika bidoni, nikaingia kwenye mstari, wa nane, na Bienvenu akatuhesabu tena.